Daftari la Nyimbo za Mama

Ernakulam, Jumatatu

Dada Simha,

Mafenesi yameiva, mguu wangu haujambo. Lakini huyo mwanao, ulimtuma au alijituma?

Katoka huko Israeli na kofia yake nyeusi, siku ya harusi ya binti yangu akasimama mlangoni mwa sinagogi: "Mama mdogo, mwanamke kuimba mbele ya wanaume ni aibu. Wataimba wanaume."

Nikalifunga daftari la nyimbo la mama, nikalikalia.

Unajua kwetu bwana harusi haingii sinagogi bila kuimbiwa, na nyimbo hizo tunazijua sisi wanawake tu. Wanaume wakafumbua vinywa. Hakuna aliyejua hata neno. Bwana harusi akaloa jasho juani. Mwanao akarudi akininong'oneza: "Mama mdogo, nakuomba."

"Omba kwa sauti," nikamwambia. "Wanaume wakusikie."

Mdogo wako, aliyeimba mpaka sauti ikamkauka,
Sipora