Kibegi Changu Chepesi na Sufuria la Jumuiya

Mama yangu wa Chanika, shikamoo.

Sie mahujaji tumefika Wazo, vumbi la saruji mpaka kwenye nyusi, na Bagamoyo bado iko mbele. Si unakumbuka nilivyojidai naondoka na kibegi chepesi? Mswaki niliukata mpini, kanga moja ndiyo taulo ndiyo shuka, na lile blanketi ulilonikazania nililificha chini ya kitanda chako. Basi kutoka tu kanisani, jirani yako Mama Neema akakinyanyua kibegi kwa kidole kimoja, akacheka: "Mwanangu, wewe huna mzigo. Shika sufuria la jumuiya." Nimelibeba kichwani njia nzima, limefungwa kwa kitenge, zito hilo, na wenye mabegi makubwa wananipita wakiimba!

Hapa mvua ikatukuta, nikaanza kutetemeka. Mama Neema akafungua kitenge tuchemshe chai. Ndani ya sufuria, blanketi langu!

"Mama yako alisema utalibeba tu," akaniambia.

Haya, umeshinda. Nakuandikia nimejifunika gubigubi. Nikifika nitaliombea goti lako lipone kabisa, maana mwakani sufuria utalibeba mwenyewe.

Mwanao, Rehema