Muwa Niliokuletea Wodini

Baba yangu wa Butali,

Sisi watu wa miwa tulichelewa kuuona ugonjwa wako. Ulipotokwa na vidoadoa vyekundu miguuni na alama nyeusi mikononi, tulisema majani ya miwa yamekukwaruza, kama kawaida ya mkata miwa. Ulicheka, ukanoa panga. Siku damu ya pua ilipokataa kukatika, ndipo tukakukimbiza hospitali Kakamega.

Sista, muuguzi wa wodi, alituambia mimi na Mama kando ya kitanda chako: chembe za kugandisha damu zimepungua mno. Usinyolewe kwa wembe, usianguke, usitafune kitu kigumu; damu ikianza kutoka, kuizuia itakuwa kazi. Husemwa sikio la kufa halisikii dawa. Langu lilikuwa zima, Baba. Nilisikia kila neno.

Lakini siku tatu ulikataa uji, ukakataa hata ingokho, yule kuku wa kupikwa na Mama. Ukaninong'oneza, "Nekesa, niletee kamuwa kadogo tu. Hii mdomo imekuwa chungu." Hukuwa mtu wa kuomba. Kesho yake nikakata muwa, nikaumenya mlangoni kwetu, nikaficha vipande ndani ya sweta. Ulitafuna kimoja umefumba macho, ukatabasamu. Kisha nikaona mate yako ni mekundu.

Fizi zilivuja, pamba baada ya pamba. Nilikushikia beseni. Sista akauliza kwa ukali, "Nani alimpea muwa?"

"Ni mimi mwenyewe nilijiletea," ukasema. Mtu asiyeweza hata kufika chooni! Sista alikutazama, akanitazama, akamkimbilia daktari. Tukangoja chembe za kukuongezea. Kila mlango ulipofunguka niliruka. Zilipofika, fizi zilikauka. Siku ya nne baada ya hapo damu ikavujia kichwani, ukatuacha.

Daktari alisema ni ugonjwa, si muwa. Sikumwamini. Mwaka mzima nimemkwepa Mama, nikiogopa ataniuliza.

Jumapili nilimwambia, tukichambua mboga. Hakuinua uso.

"Nilijuanga," akasema. "Maganda niliyaona mlangoni asubuhi hiyo, hata kabla hujatoka. Nilinyamaza. Nilitaka akule kitu."

Kumbe tulikuwa watatu, kila mmoja akimfichia mwenzake. Tulilia mpaka mboga ikanyauka. Bado nina hasira na wewe kwa kuniomba, na nimekukosa sana.

Pumzika sasa, Baba, na ule uongo wako wa wodini upumzike nawe.

Kitinda mimba wako