Nilimtunga Muuguzi, Wifi Akamwamini

Mpendwa mshauri, naomba msaada kabla wifi yangu hajajua, maana mimi ni mhariri, nafanyia kazi nyumbani, na tangu mwaka jana kampuni moja ya ng'ambo hunitumia maandishi ya mitandaoni niyanyooshee Kiswahili, basi siku moja likaja andiko kwamba chanjo ya surua inawafanya watoto wa kike kuwa tasa, Kiswahili chenyewe kibovu hata mtoto asingedanganyika, nami badala ya kuuliza nikaudhika na ule ubovu, nikalifumua lote, nikaweka sauti ya muuguzi mstaafu, "wanangu, nimedunga sindano miaka thelathini, leo nasema kweli," nikajipongeza, nikatuma. Wiki haikuisha likaingia kwenye kundi la familia, wifi akaliamini, nikanyamaza kwa aibu, na mapacha wake wa kike hawakuchanjwa. Surua imemchukua mmoja Jumanne. Msibani wifi alinisomea maneno yangu mwenyewe kwenye simu, akasema, "Bora nilimsikiliza huyu mama, sindano ingemuua mapema zaidi." Wa pili yuko mgongoni kwake, hajachanjwa. Nikisema, kaka atanikana. Nifanyeje? Ni mimi,

Shangazi Mtu

Shangazi Mtu, pole kwa msiba. Pole yangu inaishia hapo.

Jibu hili nakutumia kwa simu kabla halijachapwa, maana mtoto hangoji gazeti. Wageni wale walileta uongo unaochechemea, wewe ukaupa miguu. Hujawahi kushika bomba la sindano, ukajiita muuguzi! Na ulipouona kwenye kundi la familia ulikuwa na neno moja tu la kusema, ukalimeza.

Waite kaka na mkewe sasa hivi, fungua kompyuta, waonyeshe andiko lilivyokuja na lilivyotoka kwako, maana kwa maneno matupu watamwamini muuguzi kuliko wewe. Mtoto apelekwe hospitali leo, daktari aamue. Usifute hata barua moja ya kampuni hiyo. Zipeleke wizara ya afya na kwa waandishi wanaofuatilia uongo wa namna hii. Kisha andika kwenye kundi, kwa jina lako. Kaka akikukana, amekukana. Sema hivyo hivyo.

Mimi nami si msafi. Ujumbe wa muuguzi wako niliupokea, nikawatumia wasomaji tisa walioniuliza habari za chanjo. Tangu asubuhi nawapigia. Sita wamenisikiliza. Wa saba aliniacha nimalize, kisha akaniambia binti yake walimzika mwezi uliopita.