Majivu kwenye Paji la Mama

Mweiga

Mjukuu wangu Wangari,

Sisi huku tuko salama. Ng'ombe amezaa, na viazi vimeota vizuri. Umeniuliza kama Mungu anaona unavyokaa na mtoto wako hapo wodini miezi yote hii. Kwa nini mtoto anaumwa, mimi sijui, na sitajifanya najua.

Nitakuambia kitu kimoja tu. Mama yangu alibeba kuni mgongoni peke yake, kamba ikipita kwenye paji la uso, ili mimi nisikose shule. Ile kamba ilimwachia mfereji usiofutika. Mimi niliona aibu, kwa hivyo kila tukienda kanisani nilimvutia kitambaa cha kichwa hadi kwenye nyusi.

Jumatano moja ya Majivu, padre alikisukuma juu ili ampake majivu. Akachora mstari wa kushuka, halafu wa kukatiza, na huo wa pili ukalala sawasawa ndani ya ule mfereji. Kumbe nusu ya msalaba mama alikuwa amekuja nayo kutoka nyumbani.

Sikumfunika tena.

Ile picha uliyonitumia, umeficha uso ati kwa sababu umechoka. Nitumie nyingine, nikuone.

Cucu wako