Tairi la Nne Chini ya Dirisha

4 Februari

Mwanangu,
Hujambo huko ugenini? Mimi sijambo, kikohozi tu cha hapa na pale. Yale matairi mabovu uliyoniachia nimeyakata ulivyonielekeza, kisu nakichovya kwenye maji ya sabuni kinateleza chenyewe, na chini nimetoboa matundu. Mchicha niliopanda humo umestawi, ukiuona hutaamini. Nimepanga matairi mawili mawili, moja juu ya jingine, kwa sababu ya kuku wa jirani.
Mama yako

20 Machi

Mama,
Shikamoo. Mimi mzima, karakana imejaa malori. Nimewasimulia mafundi wenzangu habari za bustani yako, wakacheka mpaka wakakaa chini. Ila kuku gani huyo wa kupangiwa matairi mawili, au ni mbuni? Niambie kweli, mgongo vipi? Nikiomba ruhusa sasa nije, watanipa.
Mwanao

2 Mei

Mwanangu,
Marahaba. Mgongo mzima, acha maneno. Kuku wamezidi ukorofi, sasa nimepanga matatu. Usiombe ruhusa, maliza kwanza mkataba wako. Mimi nipo tu, naenda wapi?
Mama yako

15 Juni

Mama,
Shikamoo. Haya, nimekusikia. Nitakuja Desemba, mkataba ukiisha. Wasalimie hao kuku.
Mwanao

30 Agosti

Mwanangu,
Hujambo? Mwandiko usikushtue, ni wa jirani, vidole vyangu vimechoka. Amenipangia matairi manne chini ya dirisha la chumbani. Mchicha mtamu bado. Desemba si mbali.
Mama yako

17 Septemba

Mama,
Shikamoo. Naandika nikiwa nimekaa kitandani kwako, maana sina pa kuituma barua hii. Nilipouona ule mwandiko niliacha kazi siku ile ile, na bado nimechelewa siku tatu. Jirani amenipeleka kaburini. Tukiwa njiani nilimuuliza habari za kuku wake, akasema hajawahi kufuga kuku.
Mimi fundi wa matairi, Mama, na sikuelewa kwamba kila tairi uliloongeza, kuinama kulikuwa kumekushinda zaidi. Hili la nne limelingana na dirisha, na kitanda umekisogeza hapo hapo. Mchicha wa upande huu umechumwa wote. Wa upande wa pili, ambako mkono wako haukufika, umekomaa mpaka umetoa mbegu.
Ningekuwepo ningekuchumia.
Mwanao