Rangi za Mishono Yako

Rumonge

Baba, shikamoo.

Natumaini kifua kimepoa na unalala vizuri. Sisi huku wazima, watoto siku hizi wananigombeza kwa Kirundi. Nakuandikia kwa sababu kila nikikupigia, ukisikia neno rangi unakata simu.

Ni lile tanki la mafuta ya mawese ulilomchomelea Mama Zena, tajiri wangu, tukalivusha kutoka Kigoma kwa mbwembwe zote. Limeshika kutu, Baba. Si tanki zima, ni kwenye mishono tu, palepale penye zile rangi za bluu na dhahabu zinazoachwa na moto wa kuchomelea, unazojivunia. Mama Zena kaniita mbele ya wakamuaji wote. "Hii inoksi iko ya uongo. Muzee wako alituibia." Inoksi ndiyo huku wanavyoita chuma kisichoshika kutu. Akaapa atawaambia wenye mashine za mawese wote mpaka Kabonga. Nilikutetea mpaka sauti ikakauka.

Akamleta fundi kutoka Bujumbura. Yule bwana akauliza tu kwa nini rangi haikufutwa. Nikamjibu kwa kiburi kwamba kwetu hatufuti, ndiyo alama ya baba yangu. Akacheka. Akasema moto ukipita pale unaharibu ile ngozi nyembamba inayozuia kutu, na hizo rangi ndizo kovu lake. Nilichukia, nikataka kumuumbua. Nikachomelea vipande viwili vya chuma kilekile, kimoja nikakisugua kwa asidi mpaka kikatakata, kingine nikakiacha na urembo wake, vyote nikavitumbukiza kwenye ndoo ya maji ya chumvi. Wiki mbili. Nimevifunga kwenye mzigo huu, jionee mwenyewe kipi kimeoza.

Inaniudhi kwamba alisema kweli. Inaniudhi zaidi kwamba miaka yote nimekushikia vyuma ukichomelea na sikuwahi kuuliza.

Tanki nimelisugua siku tatu, mikono imebabuka. Chini ya rangi mshono wako umenyooka, hauna tundu hata moja. Mama Zena akaupapasa.

"Nani alichoma hapa?"

"Baba."

"Yuleyule?"

"Yuleyule."

Nikamwambia hata lile tanki la maji unalowatengenezea zahanati utalifuta rangi kabla halijatoka kwako. Akasema kama ni hivyo, jina lako hataligusa.

Msalimie Mama, na akusomee yeye kama utaikunja barua kabla ya mwisho. Msalimie Dada mkubwa na mumewe, na Shangazi wa Ujiji, mwambie ndagala wake, dagaa wa huku, wanakuja na mzigo huu.

Brashi ya waya unayosugulia vyuma vya kawaida usiiguse, nayo inaleta kutu. Nunua mpya.

Ahadi nimeshaitoa bila kukuuliza, na najua utakasirika. Kasirika, Baba, lakini sugua huku umekasirika.

Binti yako,
Mwajuma