Neno Nililojaza Kwenye Fomu

Shikamoo Bi Kidawa, mwalimu wangu,

Ni miezi mitano tangu tukuzike. Leo nakuandikia kwa sababu moyo unanienda mbio, na hapa Tandika sina mwingine wa kumwambia.

Kesho nina usaili. Chuo kimoja cha ufundi kinatafuta mtu wa kufundisha mabinti kushona. Fomu yao ilikuwa ya Kiingereza, wanataka nieleze sifa zangu. Nilitaka tu kusema nimefunzwa na wewe, sipotezi kitambaa. Simu ikanipa maneno mawili, "thrifty" na "stingy". Yote mafupi, mwisho wake unafanana, na yote yanahusu kubana. Nikachukua la pili kwa kuwa ndilo nililoweza kulitamka. Fomu imeshakwenda ndipo binti wa jirani, anayesoma sekondari, akaiona nakala na kucheka mpaka akakaa chini. La kwanza ni mwekevu, la pili ni bahili. "Da Zuhura, umejiita bahili!"

Nilijaribu kucheka naye. Sikuweza.

Wewe ulibana wakati wa kukata. Ulikuwa unageuza na kugeuza vipande mpaka mikono ya gauni ipate pa kukaa, na kitambaa kilichobaki ukimrudishia mwenyewe. Lakini ndani ya mshono hukubana kamwe. "Acha nafasi, mwanangu, watu wananenepaga." Tangu uondoke, mimi nimekuwa nikipunguza nafasi hiyo hiyo kwenye nguo za wateja. Kidogo huku, kidogo kule, napata cha kushonea vigauni vya watoto, nauza.

Wiki iliyopita gauni nililomshonea mteja wangu Mama Salma lilichanika ubavuni kwenye harusi ya mwanawe, mbele ya wakwe. Aliponiletea nilipanue, nikafumua, nikakuta ndani ya mshono sikuacha kitambaa cha kupanulia. Nikamwambia amenenepa. Akainamisha kichwa, akaniomba radhi. Mimi!

Naogopa, Bi Kidawa. Naogopa fomu ile imesema kweli. Na wakinipa kazi je? Mabinti wa watu watajifunza mkono wangu huu, siyo wako.

Kwa hiyo asubuhi, kabla ya usaili, nitapita kwa Mama Salma. Nitamshonea gauni jingine kwa kitambaa changu. Nikichelewa chuoni, basi nimechelewa.

Pumzika, mwalimu wangu, Mungu akutunze huko uliko. Nakuahidi nitamtazama usoni na kumwambia hakunenepa, ni mimi niliyebana mshono.

Mwanafunzi wako,
Zuhura